Kura ya Menna wa Jikoni

Mtaani kwetu wapo akina Howells saba wasio na undugu wowote, kwa hiyo watu hutajwa kwa kazi zao. Yupo Howells wa Mkate, yupo Howells wa Posta, na mimi, niliyekuja huku ng'ambo kutoka Tanga kufanya kazi ya unesi katika hospitali ya bondeni nikaolewa hapahapa, naitwa Nesi wa Namba Tisa hata na wanaolijua jina langu vizuri. Menna Howells aliitwa Menna wa Jikoni kwa sababu alipika chakula cha shule ya msingi kwa miaka ishirini na sita. Nusu ya watu wazima wa mtaa huu wamekuzwa na viazi vyake.

Mumewe, Idwal, alichimba makaa ya mawe mpaka mgodi ulipofungwa, akahamia kiwanda cha matandiko, na alipofika miaka sitini na minne akaanza kusahau. Alianza kusahau majina, ikafuata njia ya kurudi kutoka dukani, mwisho akamsahau Menna mwenyewe. Menna alimtunza miaka saba. Kwa watu kama yeye halmashauri ilikuwa na huduma moja tu, kituo cha mchana kule chini karibu na daraja, ambako wagonjwa na wenye ulemavu walikaa kutwa ili watu wa nyumbani wapumue. Menna alimpeleka Idwal mara tatu. Mara zote alilia na kung'ang'ania nguo za watu mlangoni, na ile ya tatu alitoroka, akaja kuonekana amekaa ukingoni mwa mto bila viatu. Menna hakumrudisha tena.

Akakaa naye ndani. Nikitoka zamu nilikuwa napita kumshikia Idwal nusu saa ili Menna aoge, na nusu saa si kitu. Mtu mwingine pekee aliyeingia nyumba ile kila wiki alikuwa Nesta Tudor wa nyumba ya mkabala. Nesta na Menna walianza darasa la kwanza pamoja. Nesta alikuwa mjane, na mwanawe mmoja, Emrys, wa miaka arobaini na moja, alizaliwa na ulemavu wa akili. Kwa Emrys kituo cha mchana ndicho kilikuwa dunia. Kila siku ya kazi, saa tatu na robo asubuhi, basi dogo lilimchukua. Huko alikuwa na kazi yake ya kukausha vikombe, na rafiki yake Towyn wa kucheza naye domino. Na kila Jumatatu, Emrys akiwa kituoni, Nesta alivuka barabara na sahani ya vikeki vya zabibu vilivyokaangwa juu ya chuma, akaketi jikoni kwa Menna mpaka saa saba.

Idwal alifariki mwezi wa tatu. Watu walikuja, wakala, wakaondoka. Kwa wiki tatu baada ya mazishi Menna aliendelea kufunga mlango wa mbele kwa komeo la juu na kuficha ufunguo ndani ya kopo la unga, kama alivyokuwa akifanya ili Idwal asitoke. Aliniambia kwamba asubuhi moja alikuwa anapangusa unga kwenye ufunguo, akasimama, akajiuliza anamfungia nani.

Mwezi wa sita ikaja barua. Halmashauri ilitaka kupanga upya huduma za wanaotunza wagonjwa nyumbani, na safari hii, iliandika, haitapanga peke yake. Kutakuwa na baraza la watu kumi na wawili, sita wakazi na sita wafanyakazi, kila mmoja kura moja, na watakaloamua ndilo litakalofanyika. Barua ilipelekwa kwa Menna, na kwa Nesta pia.

"Nenda wewe," Nesta alimwambia Jumatatu ile. "Wewe una mdomo. Mimi nikiona watu wenye mafaili nanyamaza kama nimemeza kijiko."

"Mimi sina tena mtu wa kumtunza. Nitakwenda kusema nini?"

"Kawaambie kituo wasikiguse. Hilo tu. Mengine wafanye watakavyo."

"Nitawaambia."

Mkutano wa kwanza ulifanyika chumba cha juu cha maktaba. Aliyeuitisha alikuwa mfanyakazi wa halmashauri, Carys Beynon, mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano aliyeendesha gari saa nzima kutoka mjini. Menna alisubiri hadi kila mtu ajitambulishe, kisha akasema, "Haya, mmeshaamua nini? Tuambieni, tuweke saini, turudi nyumbani. Nina viazi kwenye maji."

"Hatujaamua kitu, Bi Menna," Carys alijibu. "Sijui la kufanya. Ndiyo maana nimewaita."

"Kwa hiyo mnatuita tuje tulaumiwe pamoja nanyi."

Wengine wakacheka. Carys hakucheka. Alifikiri kidogo, akasema, "Ndiyo. Na hilo pia limo. Kura zikiwa sawa, lawama nazo zitakuwa sawa."

Menna aliniambia baadaye kwamba kama mwanamke yule angejibu kitu kizuri kuliko hicho, yeye asingerudi wiki ya pili.

Aliwaambia habari za kituo, kama alivyoahidi. Walimsikiliza, wakaandika. Lakini wiki ya pili yeye mwenyewe ndiye aliyewavuruga. Aliwatazama wakazi wenzake watano waliokuwa mezani, akasema, "Sisi wote hapa ni watu tunaoweza kutoka nyumbani. Mimi mwaka jana nisingeweza kuja. Nikimwacha Idwal dakika kumi, gesi imewashwa. Sasa yule Menna wa mwaka jana yuko wapi? Nani anamuuliza?"

Ndipo ikaamuliwa wawatafute, nyumba kwa nyumba.

Majira yote yale ya mvua Menna na Carys walitembea mitaa ya juu ya bonde, ile ambayo mabasi hayapandi. Carys alikuwa na karatasi ya maswali. Nyumba ya pili Menna alimnyang'anya akaitia mfukoni. Yeye alikuwa akiingia, anauliza kama watu wamekula, anakunja mikono ya sweta na kuanza kuosha vyombo, na mtu anaanza kusema mwenyewe huku amempa mgongo. Carys alijifunza kushika taulo na kukausha.

Nyumba moja walimkuta mwanamume aitwaye Gethin, fundi wa mabomba zamani, anamtunza mama yake. Alikataa kukaa. Mwisho alisema kwamba siku za kwenda kununua maziwa humfungia mama yake chumbani, anafunga kitasa kwa mkanda wa gauni la kuogea, anakimbia.

"Mtanishtaki?" aliuliza.

"Mimi nilikuwa namfungia mume wangu, ufunguo naficha kwenye unga," Menna alisema bila kugeuka. "Nipe hiyo sufuria."

Gethin akaleta sufuria, akalia akiwa amesimama.

Waliingia nyumba arobaini na tatu. Katika hizo, mbili tu ndizo zilizokuwa zikitumia kituo. Nyingine hazikuweza: mgonjwa hatoki kitandani, au anaogopa watu, au basi haliji, au wanaona aibu. Nyumba baada ya nyumba walisikia jambo moja: mtu mmoja, yuleyule kila wiki, aje akae na mgonjwa ili mwenye nyumba akalale, akanyoe nywele, akatembee tu. Mtu anayejua mzee anakunywaje chai. Carys alikuwa na jina refu la kuipa huduma hiyo. Menna akasema, "Iite Mtu wa Kukaa. Kila mtu ataelewa."

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata Carys aliweka hesabu zote mezani, akawaacha wakazi wazipekue watakavyo. Wakapekua wiki tatu. Walipunguza hiki, wakaahirisha kile. Kila walipozungusha, walirudi palepale. Fedha za Mtu wa Kukaa zilitosha tu kama kituo cha mchana kingefungwa. Kituo kilikuwa na watu thelathini na mmoja. Nyumba zisizopata chochote, kwa makisio yao, zilizidi mia mbili.

Sasa nieleze kosa la Menna, kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha. Jumatatu zote za wiki zile Nesta alivuka barabara na vikeki vyake, akauliza, "Na baraza lenu?" Na Menna akajibu, "Bado tunajadili." Hakuwa anadanganya. Lakini alijua mjadala unaelekea wapi, akala vikeki akanyamaza.

Kura ilipigwa Alhamisi mchana mwezi wa pili. Menna alipigania sharti moja kabla ya kura: watu wa kituo wapewe ukumbi wa kanisa siku mbili kwa wiki, na mfanyakazi mmoja. Sharti likakubaliwa. Kisha Carys akauliza nani anaunga mkono. Mikono saba ikainuka. Menna aliitazama, akaihesabu. Jambo lilikuwa limeshapita. Angeweza kuuweka mkono wake magotini na hakuna kitu ambacho kingebadilika. Akauinua. Wanane kwa wanne.

Nilimuuliza kwa nini, ikiwa hawakumhitaji. Alisema, "Gethin hakuwa na mkono pale."

Alitoka maktaba akaenda moja kwa moja kwa Nesta, kabla habari haijatangulia. Nesta alikuwa anakunja nguo. Emrys alikuwa hajarudi.

"Kinafungwa," Menna alisema. "Mwisho wa mwezi wa nne."

Nesta aliendelea kukunja. "Wameamua hao wa mjini."

"Tumeamua wote."

"Wewe ulikuwa upande gani?"

"Nilisema habari za ukumbi wa kanisa, siku mbili kwa wiki atapata—"

"Nimekuuliza upande gani, Menna."

"Niliunga mkono."

Nesta aliiweka fulana ya Emrys mezani akaipiga pasi kwa kiganja. "Mara tatu," alisema. "Mlikipa kile kituo mara tatu, mkaona hakiwafai. Mwanangu amekwenda miaka ishirini na mbili."

"Najua."

"Jumatatu hii tulikaa kwako ukala vikeki vyangu."

"Ningekuambia. Nilitafuta namna."

"Namna gani? Mimi si nyumba ya arobaini na nne, mwenzangu. Unaniosheaje vyombo wakati unanifungia?" Akafungua mlango wa mbele, akausimamia. "Kaendelee na baraza lako."

Jumatatu iliyofuata Nesta hakuvuka barabara. Wala ile ya pili.

Mtaa nao ulisema yake. Dukani mtu alimwambia mwenzake kwa sauti ya kusikika, "Menna wa Jikoni amepika tena, safari hii hakuna wa kula." Mwingine alisema kwamba mtu akishazika wake, ndiyo anapata nguvu ya kufunga milango ya wenzake. Menna alilipia mkate wake akatoka. Wajumbe sita wa halmashauri hawakuyasikia hayo. Wao baada ya mikutano waliingia kwenye magari yao wakarudi miji yao, na madukani kwao hakuna aliyewajua. Carys, nadhani, aliliona hilo. Alimpigia Menna simu Jumapili moja kuuliza hali, na Menna akamwambia hali ni nzuri, kuna mvua.

Walipoajiri watu wa kukaa, Menna alikuwa miongoni mwa waliowahoji. Wenzake waliuliza kuhusu vyeti na uzoefu. Yeye aliwauliza wote swali moja: "Mume wangu amekuita mwizi, anasema umeiba saa yake. Utafanyaje?" Wengi walieleza walivyofundishwa. Mwanamke mmoja aliyewahi kuuza samaki na chipsi alisema, "Nitamwomba radhi. Halafu nitamwambia twende tukaitafute." Menna aliandika jina lake kwa herufi kubwa.

Huduma ilianza mwezi wa tano, na ninayoyasema niliyaona kwa macho yangu, kwa kuwa wanaotunza wagonjwa wakizidiwa hufika wodini kwetu. Watu walioanguka kwa uchovu wakapungua. Gethin alianza kwenda kuvua samaki Jumatano. Siku moja alimletea Menna samaki aina ya trauti amefungwa kwenye gazeti. Menna alimkaanga, akala nusu, nusu akanipa mimi. Hakukuwa na mtu mwingine wa kugawana naye.

Kwani yeye huduma ile haikumhusu. Alikuwa ameitengeneza kwa miaka yake saba, kila kitu ndani yake kilitokana na Idwal, hata lile la kuvua viatu mlangoni na kuvaa ndala ili mgonjwa asiogope vishindo. Lakini hakuwa na mgonjwa. Hakuna mtu wa kukaa aliyekuwa na sababu ya kubisha mlango wake. Carys akapata kazi sehemu nyingine kabla majani hayajaanza kudondoka. Alikuja kuaga na maua, wakakumbatiana kwa haraka.

Na kila asubuhi, saa tatu na robo, Emrys alisimama kituo cha basi.

Alisimama amevaa koti, begi mgongoni, hata mvua ikinyesha. Nesta alijaribu kumzuia wiki za kwanza, mwishowe akamwachia. Alikuwa akisimama kama nusu saa hivi, kisha anarudi ndani. Dirisha la Menna linatazama pale. Alihamisha kiti chake akaanza kunywa chai nyuma, jikoni, lakini alisema hata jikoni alikuwa akijua ni saa tatu na robo.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi alivaa koti akatoka. Nilikuwa narudi kutoka zamu, nikamwona anavuka, nikapunguza mwendo.

"Emrys, habari ya asubuhi."

"Nzuri, Shangazi Menna."

"Basi haliji, mpenzi."

"Najua."

"Sasa unangoja nini?"

"Nangoja watu wakinikuta hapa waniulize." Alivuta mikanda ya begi lake. "Towyn haji kanisani. Anakaa mbali. Ukumbi wa kanisa hauna domino. Nilikuwa nataka kusema."

"Kumwambia nani?"

"Wewe. Mama alisema mlikwenda nyumba nyingi mkauliza watu. Hukuniuliza mimi."

Menna alisimama pale na mvua inamwingia shingoni. Baadaye siku ile alikuja kwangu, akakaa bila kuvua koti, akanihesabia kwa vidole. Nyumba arobaini na tatu, na katika zote aliwauliza wanaotunza. Wanaotunzwa aliwasalimia, akawapa chai, akawapangusa midomo. Hakuwauliza. Watu thelathini na mmoja wa kituo walikuwa kwenye hesabu, na hesabu hazisemi. Hata Idwal, alisema, miaka saba yeye ndiye aliyekuwa akimjibia.

"Idwal asingeweza kujibu," nilimwambia.

"Mwanzoni angeweza," alisema.

Kwenye mkutano uliofuata alitoa hoja kwamba baraza liongezwe viti viwili, vya watu wanaotumia huduma wenyewe, na kura zao ziwe sawa na za wengine. Mjumbe mmoja, mkazi, tena mtu mwema, aliuliza kama kweli Emrys Tudor ataelewa hesabu. Menna akamjibu, "Mimi nilizielewa, na unaona nilichofanya." Hoja ikapita.

Emrys alipewa kiti kimoja, akaja amevaa tai. Ilikuwa kazi ya Nesta kumleta, akimfikisha mlango wa chini wa maktaba na kugeuka. Menna alikuwa akishuka kumpokea, na wale wanawake wawili waliojuana miaka sitini walikutana pale ngazini kila mwezi, mmoja akitazama tai ya Emrys, mwingine akitazama viatu vyake. Mikutano miwili Emrys hakusema kitu. Wa tatu alinyanyua mkono kama shuleni, akasema watu wa ukumbi wa kanisa wanataka siku ya Alhamisi gari limlete Towyn na wenzake watatu wa bonde la chini, na wanataka meza ya domino iliyo imara, na chai watengeneze wenyewe. Mtu akamuuliza kama kuna lingine. Akafikiri. "Mkitaka kufunga kitu, mje kwanza mtuambie kabla ya kufunga." Likaandikwa hivyohivyo kwenye kumbukumbu, kwa maneno yake.

Gari la Alhamisi lilipatikana baada ya miezi mitano. Kituo hakikufunguliwa tena. Jengo liliuzwa, sasa ni ghala la mazulia. Emrys aliacha kusimama barabarani, si siku moja, bali polepole, leo yupo, kesho hayupo, mpaka siku moja Menna akagundua ni wiki ya pili hajamwona.

Majuzi, baada ya mkutano, Nesta hakuwepo mlangoni. Alikuwa ameteguka kifundo cha mguu. Menna akamsindikiza Emrys nyumbani, wakipanda kilima polepole, Emrys akieleza mchezo wa domino aliomshinda Towyn, hatua kwa hatua, na Menna akiuliza maswali. Nesta akafungua mlango akiegemea fimbo. Akamvua mwanawe koti, akalitikisa maji.

"Amekula?" Nesta aliuliza, macho kwenye koti.

"Amekula biskuti mbili tu. Nilimwambia aache nafasi."

"Haya."

Menna akangoja kidogo pale kizingitini. "Huo mguu, ukitaka mtu wa—"

"Utapona."

"Sawa."

"Asante kwa kumleta," Nesta alisema, akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza.

Menna alinisimulia hayo jikoni kwake, na alilitaja lile la kutoubamiza mara mbili. Kisha akainuka, akasogeza kiti chake karibu na moto wa gesi, akaniuliza kama ningekaa kidogo. Nilikuwa na zamu. Nikakaa dakika ishirini.